Masale ya Gongo la Mboto

Mashati, Rombo
9 Februari 2025

Mdogo wangu Leodegar,

Salamu zenu tumezipata kwa Fransis wa dukani, na sisi tunazirudisha zikiwa na baridi ya huku. Mama hajambo. Magoti yanamsumbua asubuhi, lakini akishapata chai anatembea mwenyewe mpaka bandani kukagua kama ng'ombe nimemlisha. Miaka themanini na sita na bado hajaniamini na ng'ombe! Margareta wa jirani amejifungua pacha, wote wa kike. Picha ya sendofu ya binti yako Asifiwe nimeibandika sebuleni karibu na picha ya marehemu Baba. Turubai jeupe limependeza kweli, na wewe na suti yako ya uenyekiti. Mama anaiangalia kila siku anauliza kwa nini hakupelekwa. Namwambia safari ingemvunja mgongo, ananuna.

Haya. Mie nimekaa vizuri, na wewe kaa.

Zuena, mpangaji wangu, alikuwa kwao Lindi msibani tangu mwanzo wa Januari. Amerudi, na juzi amenipigia simu. Anasema wapima ardhi wamepita, wamepanda bikoni zao za mipaka kila kona, na ramani imebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya serikali ya mtaa. Ofisi yako. Akaenda kutazama. Kiwanja namba 114, jina L. F. Tarimo. Namba 115 ni ya jirani wa nyuma. Jina langu halipo popote. Nyumba yangu ya vyumba viwili na jiko la nje nililomjengesha fundi Kornelio, vyote vimo ndani ya 114, kama banda la mwenyekiti la kufugia kuku.

Leodegar, unajua vizuri kwamba mimi sina hati wala karatasi yoyote. Baba aliponunua kile kiwanja mwaka 1991 alibeba miche ya masale kwenye gunia kutoka hapa nyumbani, akavuta kamba, akapanda katikati. Ukitokea barabara ya lami, mkono wa kulia ukawa wako, mkono wa kushoto ukawa wangu. Ukoo mzima ulimcheka, kwamba mtoto wa kike anagawiwa ardhi. Hati yangu ni yale masale na mdomo wa Baba, na Baba yuko kaburini.

Nimeandika barua kwa sababu simu zako nazijua. "Dada nipo kikaoni, dada mtandao unakatika." Barua ina mkono wa mtu. Nataka mkono wako uniambie nusu yangu iko wapi. Nimestaafu, na pale ndipo nilipotegemea nije nikae Mama akishatutoka.

Dada yako,
Apolonia

*

Mtaa wa Mikorosho Mirefu, Gongo la Mboto
2 Machi 2025

Dada Apolonia,

Shikamoo. Na Mama mpe shikamoo yake ya peke yake, usiichanganye na ya kwako.

Sie huku tunasukuma siku. Asifiwe ameshatulia kwa mumewe. Brightson wetu amepata kibarua kiwandani Mikocheni, anaondoka hapa saa kumi alfajiri. Clara wangu anakusalimu. Joto usiniulize.

Uenyekiti, dada, watu wanadhani ni kukaa kwenye kiti na kupiga muhuri. Gari la taka halijapita wiki ya tatu hii, wananiuliza mie, kana kwamba nimelificha uvunguni. Anayetaka kumtoa ndugu yake polisi anataka barua ya mtaa, anayefungua akaunti barua ya mtaa, wawili wamepigana kwa ajili ya maji machafu wanakuja na sufuria kama ushahidi. Mshahara hakuna. Halafu aliyekalia kiti hiki kabla yangu aliuzaga kiwanja kimoja kwa watu watatu, kwa hiyo mie nikipita mtaani wanawake wanashika pochi. Tangu Novemba waliponichagua nimejaribu kuwaonyesha kwamba mie ni mtu mwingine, na ndo kwanza walikuwa wanaanza kunielewa.

Sasa ishu yako. Ile ramani ni rasimu, imekosewa. Inarekebishika kabisa. Ndani ya bahasha kuna fomu moja. Saini pale chini kabisa, weka na dole gumba, nirudishie kwa basi. Mapengo yaache kama yalivyo, atayajaza mpima akija kupima upya. Mwisho wa kupokea marekebisho na mapingamizi ni tarehe 30 Mei, baada ya hapo ramani inapelekwa kusajiliwa, na hapo kuibadili ni shughuli ya miaka.

Usimsikilize sana mpangaji. Mpangaji anaona nusu, nusu nyingine anajaza mwenyewe.

Mdogo wako,
Leo

*

Mashati
19 Machi 2025

Leodegar,

Hatujambo. Mama amekula vizuri wiki hii. Mvua imeanza.

Nimefundisha miaka thelathini na minne. Nimewafundisha watoto wa Mashati kusoma, kuandika, na kutosaini karatasi tupu. Fomu yako nimeisoma mara nne, nikaiinua juu kwenye mwanga wa dirisha. Inasema, "Mimi ......... wa ......... naridhia kwamba eneo lenye ukubwa wa ......... limilikiwe na ........." Halafu saini ya Apolonia! Ng'o! Mwanafunzi akiniletea daftari lina mapengo kama hayo namwambia akalete mzazi. Kwa nini jina la anayemilikishwa lisiwe limeshaandikwa? Hulijui jina langu?

Unasema ramani imekosewa. Nani kaikosea? Hukusema. Imekosewaje? Hukusema. Ukurasa mzima umenieleza habari za taka na sufuria, ishu yangu ukaipa mistari mitano. Nimekulea, Leo. Ukiwa na lako jambo huwa unaongea sana ya pembeni.

Basi nikampigia Zuena mwenyewe. Nikamuuliza, masale yamesimama? Akaniuliza masale ndo nini. Nikamweleza, yale majani marefu katikati ya uwanja. Akasema, "Aa, yale maua, Mwalimu! Hayapo. Nimerudi kutoka Lindi nimekuta pameshafagiliwa, peupe kabisa."

Niliposikia hivyo nilikaa chini hapohapo jikoni. Masale kumi na mawili ya Baba yameng'olewa! Mtu wa Rombo anayejua kwamba sale haling'olewi hata na adui, ambaye hapa nyumbani akikutwa ameling'oa atatozwa mbuzi na wazee na bado asitazamwe usoni, amekaa uwanja uleule na hakuona la kuniandikia.

Mama sijamwambia. Nikimwambia hatalala.

Nijibu maswali mawili tu, na usinieleze habari za taka. Nani ameyang'oa? Na kwa nini hayo yametokea kabla tu ya wapima kufika? Fomu yako ninayo kabatini, nimeifungia.

Apolonia F. Tarimo
(Ndugu Mwenyekiti ajibu kwa maandishi)

*

Gongo la Mboto
22 Aprili 2025

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimekaa nayo mwezi mzima. Nimeanza kujibu mara tatu, nimechana mara tatu.

Umeniita Ndugu Mwenyekiti. Huku wananiita hivyo wanaotaka muhuri na wanaotaka kunitukana. Sikujua na wewe umo.

Masale sikuyang'oa mie. Hilo naandika kwa mkono wangu, na karatasi hii iweke kabatini pamoja na fomu.

Nani ameyang'oa, sitajibu. Siyo kwamba sijui, najua. Ila kuna mambo nikiyaandika yatafika Mashati, yatasomwa, yatazungumzwa kwenye ukoo, halafu hayatafutika tena. Kuhusu wapima, walikuja siku ambayo nipo kikao cha kata. Wakakuta uwanja mtupu, wakauliza hapa ni kwa nani, wakajibiwa hapa ni kwa mwenyekiti. Wakaandika. Ndivyo ilivyokuwa, hata kama inasikika vibaya. Hata mie ningemsikia mwenyekiti mwingine akisema hivyo ningecheka.

Mie ni jirani yako na ndo mwenyekiti, siwezi kujitolea ushahidi wa mpaka wangu mwenyewe. Ndo maana inatakiwa saini yako kwanza, ndipo mpima aje, apime, ajaze. Saini, dada. Zimebaki wiki tano.

Pasaka tulikula bila nyie. Clara alipika ndizi zetu za kwetu, amejitahidi.

Leo

*

Mashati
5 Mei 2025

Leodegar,

Tumshukuru Mungu, tu wazima.

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Unajua aliyeng'oa na hutaki kumsema. Mtu hamfichi mtu bure. Ama umemtuma, ama anakushika mahali. Nimeyapima yote mawili na yote mawili yananipeleka palepale: kiwanja kitasajiliwa kwa jina lako, na mimi nitakuja kuomba chumba kwa mkeo.

Kwa hiyo nimefanya kile ambacho mwalimu hufanya akiona monita wa darasa ndiye mwizi wa chaki. Nimemwandikia Mkurugenzi wa halmashauri yenu. Kurasa tatu. Nimeambatanisha nakala za barua zako zote mbili na nakala ya ile fomu tupu. Nimeeleza Baba alivyogawa. Nimeeleza na tabia yako, kwamba hata shuleni, darasa la tatu, uliwahi kuhamisha kamba ya mpaka wa bustani ili darasa lenu lipate tuta la ziada, ukachapwa mbele ya shule nzima. Niliandika hivyo ili wajue mambo haya hayakuanza leo.

Nimeituma kwa rejesta, na risiti ninayo.

Mama ameniuliza mbona siku hizi hupigi. Nimemwambia una kazi nyingi. Huo ndio uongo wa kwanza niliomwambia mwaka huu, na nimeusema kwa ajili yako.

Apolonia

*

Gongo la Mboto
14 Juni 2025

Dada Apolonia,

Shikamoo. Mama mwambie simu nitampigia yeye mwenyewe Jumapili, nina la kumwambia.

Barua yako ilifika. Tarehe 3 Juni walikuja watu watatu kutoka halmashauri, na mkubwa wao afisa ardhi, mama mmoja anaitwa Jesca, mtu wa haki na hana mchezo. Wakaita mkutano wa wakazi pale ofisini. Walijaa mpaka nje, maana pingamizi lako limesimamisha ramani nzima, dada. Kaya mia tatu na kitu zilikuwa zinasubiri hati, zote zimesimama kwa ajili ya 114.

Akaisoma barua yako kwa sauti. Kurasa zote tatu. Alipofika kwenye bustani ya darasa la tatu watu wakaangua kicheko. Tangu siku hiyo watoto wa mtaa wananiita Mwenyekiti Bustani. Habari ya bustani ile unaijua mwenyewe, sitaki kuirudia.

Wakaniuliza, mpaka ulikuwepo? Nikasema ulikuwepo, nusu ni ya dada yangu. Nani ameuondoa? Nikanyamaza. Watu wakaanza kupiga miluzi. Mzee Nurdin, ambaye yeye mwenyewe aliuziwaga kiwanja hewa na yule wa kabla yangu, akasema wote baba mmoja mama mmoja, mpeni nafasi atawauza na nyie. Hapo Clara akasimama.

Akasema, "Ni mimi." Ilikuwa Januari, mie nilikuwa Dodoma, sie wenyeviti wapya tuliitwa semina. Watu wa maturubai wamekuja kupima uwanja kwa ajili ya sendofu ya Asifiwe, turubai la watu mia mbili haliingii, majani yapo katikati. Akawaambia yatoeni. Afisa akamuuliza, mama, hukujua ni mpaka? Akajibu, "Najua kule Rombo yana kazi. Sikujua yana kazi hata Gongo la Mboto. Mimi kwetu ni Tukuyu." Watu wakacheka tena, lakini yeye alikuwa analia.

Kwa hiyo ile picha uliyoibandika karibu na Baba, dada, itazame. Turubai limesimama juu ya mpaka. Umekuwa nalo ukutani tangu Januari.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Mlivyompokea Clara mnakumbuka, au nikukumbushe? Miaka ishirini na saba, na mpaka leo humtaji kwa jina, ni "mkeo" tu. Ningekuandikia kwamba mke wa Mbeya amefagia masale ya Baba, ungefanya nini? Ungewaita wazee. Nikaona afadhali mwizi niwe mie.

Sasa sikiliza hili. Wale wa maturubai hawakuchimba, walikata na kuvuta tu. Masika ya mwaka huu unayajua yalivyomwagika. Mwisho wa Mei nimetoka nje kupiga mswaki nikaona ncha ya kijani. Kisha ya pili. Yamechipua yote kumi na mawili, dada. Nilirudi ndani nikamwamsha Clara, akaja na khanga tu, akayahesabu moja moja kwa kidole. Baada ya mkutano Mama Jesca alikuja na mpima wake, wakayaona kwa macho yao, wakayachora. Nakala ya mchoro hii hapa.

Kilichobaki ni fomu yako. Mie kwa sasa nimesimamishwa kusaini nyaraka zote mpaka uchunguzi uishe, muhuri wangu uko kwa mtendaji.

Leo

*

Mashati
29 Juni 2025

Leodegar,

Simu yako ya Jumapili Mama aliipokea. Alinitoa nje ya chumba mkaongea wawili. Alipomaliza akaomba uji. Nimeelewa kwamba sasa anajua.

Ya mkeo nimeyasoma. Ya turubai nimeyatazama. Nimesimama mbele ya ile picha na miwani, kweli limekaa palepale. Sitasema zaidi kwa leo, kwa sababu kuna kitu bado hakijanikaa sawa, na wewe unanijua, kitu kisiponikaa sawa silali.

Mchoro nimempa Mama. Ameushika karibu na macho muda mrefu, akaniambia, "Huu siyo wa baba yenu." Nikamuuliza kwa nini. Akasema baba yenu alivuta kamba kutoka kwenye jiwe la barabarani hadi bondeni, akapanda moja kwa moja, na yeye Mama mwenyewe ndiye aliyeshika ncha ya kamba. Mstari ulikuwa umenyooka. Kwenye mchoro wenu masale manane yamenyooka, manne ya mwisho yamepinda kama goti.

Mpaka hauwezi kupinda wenyewe, Leo. Masale hayatembei. Nani ameyahamisha hayo manne? Mchoro hauna jina la nyumba, siwezi kujua yamepindia upande gani, ila nina miaka sitini na moja na sijawahi kuona mpaka umepinda kumnufaisha asiyekuwepo.

Fomu bado iko kabatini.

Apolonia

*

Gongo la Mboto
20 Julai 2025

Dada,

Shikamoo. Mama ana macho kuliko sie wote.

Kweli yamehamishwa. Weka mchoro mezani, jiwe la barabara liwe upande wa moyo wako, bondeni upande wa mkono wa kulia. Umeona kile kibanda cha pembe nne ambacho masale manne yamekizunguka? Ni jiko lako.

Mwaka 2009 ulimpigia simu fundi Kornelio kutoka Mashati, ukamwambia jiko liwe kubwa, hatua nne kwa tatu, maana hutaki kupika umejikunja. Kornelio akapima, akaona jiko halienei upande wako, linaingia kwangu hatua mbili. Akaja kuniuliza afanyeje. Nikamwambia dada yangu anataka jiko kubwa, mjengee. Tukayang'oa yale manne kwa mizizi yake, tukayapanda upya yakazunguka ukuta. Nilimshikia kamba mie mwenyewe. Muulize Kornelio, yuko hai, anakaa Sinza na kijana wake Lusungu.

Sikukwambia kwa sababu ungelivunja. Ungesema hutaki cha mtu. Mie nikaona hatua mbili ni kitu gani, tumbo ni moja.

Najua utasema simwambii mtu ukweli ila nikibanwa. Basi na huu nimebanwa. Mama Jesca aliuliza tunyooshe au tufuate masale yalivyo. Nikamwambia fuata yalivyo. Bikoni zimefuata.

Siku hizi nashinda nyumbani. Wakazi wanaenda kwa mtendaji. Jana mwanamke mmoja alikuja mlangoni na barua ya mwanaye wa kidato cha kwanza, akanikuta nimekaa na ndala, akasema, "Aa, samahani, nilisahau," akageuka. Clara kayapalilia masale, anayamwagia maji asubuhi na jioni kama mgonjwa. Nimemwambia hayahitaji, haachi.

Leo

*

Mashati
10 Agosti 2025

Leo, mdogo wangu,

Mama mzima. Ng'ombe mzima. Mimi siyo mzima sana, lakini siumwi.

Kornelio nimempigia. Amesema ni kweli, na akaongeza kwamba saruji ilipoisha ulimalizia wewe. Hilo hukuliandika.

Jumatatu nilikwenda posta pale Mkuu mjini. Nimemwandikia tena Mkurugenzi, kurasa mbili. Nimeondoa malalamiko yangu na nimeeleza habari ya jiko, kwamba aliyekuwa amekaa kwenye ardhi ya mwenzake miaka kumi na sita ni mimi. Nimeeleza na bustani. Nimeandika kwamba kamba ile niliihamisha mimi, kwa ajili ya tuta la darasa la sita, kwamba mwalimu alipouliza nilikutazama, na wewe hukunitaja, ukachapwa. Nilipoandika barua ya kwanza nilikuwa nimeshaamini kwamba ni wewe, Leo. Nilikuwa nimeisema hivyo miaka mingi mpaka ikawa hivyo kichwani. Nimeomba barua hii isomwe kwa sauti, palepale iliposomwa ile, na watu wakiwa wamejaa vilevile. Wakicheka, wacheke.

Sijui kama watakurudishia muhuri. Nimelia kwa ajili ya hilo na sioni aibu kukwambia.

Fomu hii hapa. Nimesaini chini kabisa na dole gumba nimeweka. Mapengo sijayagusa.

Ndani ya gazeti lililokunjwa kuna jani. Mama ndiye aliyelikata, kwenye sale la kaburini kwa Baba, lakini fundo nimelifunga mimi kwa mikono yangu. Wewe unajua kwamba sale la kuombea msamaha likishafika mlangoni halikataliwi, hata angelileta mtu aliyekuibia mtoto. Natumaini hukuwa na nia ya kulikataa.

Mpe Clara mkono wangu. Mwambie, "Wifi yako anasema jani hili usilitupe, hata Gongo la Mboto lina kazi."

Dada yako,
Apolonia